Nafasi Ni ya Nani?

Jioni moja hapa Buyenzi, vijana walikuwa wameketi mbele ya karakana yangu wakibishana juu ya michezo, kama kawaida yao. Mmoja akauliza: tangu Burundi iwe Burundi, mwanamichezo wake mkubwa ni nani? Hawakubishana hata dakika moja. Wote wakasema Vénuste Niyongabo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amezaliwa Niyongabo aliposhinda, lakini jina wanalo, wamelirithi kama vile mtu anavyorithi jina la babu.

Nikawauliza: na Dieudonné Kwizera?

Kimya. Mmoja akasema, “Huyo ni mchezaji wa Vital'O?” Wengine wakacheka. Nikarudi kwenye frigo niliyokuwa natengeneza, lakini kichwa changu hakikurudi. Ndiyo sababu ya andiko hili. Nataka kuuliza swali ambalo linanisumbua tangu 2019, na siwezi kuliuliza bila kueleza kwanza watu hao wawili ni nani, halafu mimi mwenyewe nilifanya nini.

Nianze na redio. Mimi ni mtoto wa Uvira. Mwaka 1996 nilikuwa na miaka kumi, na katika lupango letu tulikuwa na mgeni kutoka Bujumbura, mtu wa Kamenge, aliyevuka mpaka na mke wake na watoto wawili. Wakati ule sisi ndio tulikuwa wenyeji na Warundi ndio walikuwa wakimbizi. Kulikuwa na kambi zao katika bonde la Ruzizi, na wengine walikaa kwa watu, kama huyu alivyokaa kwetu. Baba alimpa chumba cha nyuma. Usiku tulikula pamoja, ugali na ndagala, na baada ya kula yeye na baba walisikiliza redio, sikio moja kila mtu, kwa sababu mawe ya redio yalikuwa ya kuhesabu.

Habari za siku zile hazikuwa nzuri. Tarehe 25 Julai 1996 jeshi lilichukua serikali Bujumbura na Meja Pierre Buyoya akarudi madarakani. Wiki haikuisha, marais wa nchi jirani wakakutana Arusha wakaamua kuiwekea Burundi vikwazo vya biashara. Na wakati huohuo, mbali kabisa, Atlanta kule Marekani, michezo ya Olimpiki ilikuwa inaendelea. Burundi ilikuwa inashiriki kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Asubuhi ya Jumapili tarehe 4 Agosti redio ikasema kwamba Mrundi ameshinda dhahabu ya mita 5000. Mgeni wetu alisimama. Akaanza kupiga makofi peke yake, akizunguka uani, anasema: “Ni wetu! Huyu ni wetu!”

Baba yangu alikuwa mtu wa mzaha. Akamwambia: “Wenu namna gani? Si weye mwenyewe ulikimbia?”

Akajibu: “Nilikimbia bunduki. Burundi sikuikimbia.”

Sitaki kuandika makabila hapa. Msomaji wa kwetu anajua mtu wa Kamenge aliyekimbilia Uvira wakati ule alikuwa nani, na anajua pia kwamba mshindi alikuwa wa upande ule mwingine. Mgeni wetu alijua vizuri kuliko sisi. Hata hivyo alipiga makofi. Miezi miwili na nusu baadaye vita viliingia Uvira, wageni wetu wakatawanyika, na sisi wenyewe tukajifunza kukimbia. Sikumwona tena.

Kwa miaka mingi nilifikiri kwamba niliona siku ile nguvu ya dhahabu. Nilifikiri medali inaweza kufanya kazi ambayo mkutano wa Arusha haukuweza. Leo siamini hivyo tena. Medali inapendwa, kweli, lakini kupendwa kwake kuna bei. Tazama Aleksandr Bolshunov, yule Mrusi anayeteleza kwenye theluji kwa vyuma vya miguuni, mbio ndefu za ski. Februari 2022, Beijing, alichukua medali tano za Olimpiki, tatu za dhahabu. Mwezi uliofuata jeshi la nchi yake lilikuwa limeingia Ukraine, shirikisho la kimataifa la ski lilikuwa limewafungia Warusi mlango, na yeye alikuwa jukwaani katika uwanja wa Luzhniki, Moscow, kwenye mkutano mkubwa wa serikali. Kwao alizidi kuwa shujaa. Upande wa pili wa mpaka, medali zilezile zilinuka moshi. Dhahabu haiwezi kujitetea. Anayesimama karibu nayo ndiye anaisemea.

Kwa hiyo, kama Niyongabo alistahili makofi ya mkimbizi wa Kamenge, sababu lazima iwe zaidi ya dhahabu. Nilikuja kuijua nikiwa mtu mzima, tayari niko Bujumbura, tayari ni mimi mwenye karatasi ya ukimbizi mfukoni.

Niyongabo, mtoto wa Vugizo katika mkoa wa Makamba, hakuwa mkimbiaji wa mita 5000. Mbio yake ilikuwa mita 1500. Mwaka 1995, kwenye mashindano ya dunia ya Göteborg, Sweden, alikuwa wa tatu katika mbio hiyo, nyuma ya Noureddine Morceli wa Algeria na Hicham El Guerrouj wa Morocco. Kwenda Atlanta, yeye ni mmoja wa wale watatu au wanne ambao dunia ilisema mmojawapo atashinda. Lakini katika timu ya Burundi alikuwepo Dieudonné Kwizera, mkubwa wake kwa miaka sita hivi. Kwizera alikuwa na mbio za kutosha kwenda Olimpiki ya 1988 na ya 1992, na mara zote mbili hakukimbia. Sababu haikuwa miguu yake. Sababu ni kwamba Burundi haikuwa na kamati ya Olimpiki inayotambuliwa na dunia, na bila kamati hakuna anayeweza kusimama mstarini. Kosa la makaratasi. Mkimbizi yeyote anayesoma hapa anatikisa kichwa sasa hivi.

Niyongabo akamwachia Kwizera nafasi yake ya mita 1500. Yeye akahamia mita 5000, mbio ambayo alikuwa hajaikimbia zaidi ya mara chache tu katika mashindano. Kwizera akasimama mstarini, akakimbia raundi ya kwanza, akatolewa. Na tarehe 3 Agosti Niyongabo akakimbia fainali yake, akachomoka karibu na mwisho, Paul Bitok wa Kenya akamfukuza mpaka kwenye utepe, akashinda kwa dakika 13, sekunde 7 na nukta 96. Kati yake na Bitok kulikuwa na sehemu mbili za kumi za sekunde. Usiku huohuo, katika uwanja huohuo, ilikimbiwa fainali ya mita 1500 bila yeye: El Guerrouj akaanguka, Morceli akashinda.

Sasa swali langu. Je, alifanya vizuri?

Usijibu haraka kwa sababu ya medali. Medali ilikuja baadaye. Siku alipoachia nafasi, hakuwa na medali, alikuwa na kitendo tu. Tuseme Bitok angekuwa na hatua mbili zaidi. Tuseme Niyongabo angerudi Burundi mikono mitupu, na Kwizera ametolewa raundi ya kwanza. Watu wangesemaje? Wangesema: kijana mjinga, ametupa bahati yake na bahati ya nchi. Kitendo ni kilekile, na ndicho tunachotakiwa kukipima.

Jirani yangu mmoja, mwalimu, nilipomweleza akanipinga kabisa. Alisema nafasi ya Olimpiki haikuwa mali ya Niyongabo, ilikuwa mali ya taifa. Huwezi kutoa zawadi kitu cha watu. Nchi inakufa, ina nafasi moja ya kusikika kwa jambo jema, na wewe unaitoa kwa sababu ya huruma? Hoja yake ina uzito. Nimeizungusha kichwani siku nyingi.

Lakini naona ana deni moja ambalo amelisahau kuliandika kwenye daftari. Taifa hilohilo ndilo lilimnyima Kwizera mara mbili. Kama nafasi ni ya taifa, basi na kosa ni la taifa. Niyongabo hakugawa mali ya watu ovyo. Alilipa deni la watu kwa mfuko wake. Wenye ofisi ndio walidaiwa, mtoto wa Vugizo ndiye akalipa. Hakuna aliyemlazimisha, na kama angekataa hakuna ambaye angemlaumu. Ndiyo maana tunaita jambo hilo wema. Wahenga wanasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Hapa sasa nifike kwangu, kwa sababu ni rahisi kuhubiri kwa miguu ya mtu mwingine.

Mwaka 2019 shirika moja lilileta mafunzo ya miezi sita ya kutengeneza frigo na mashine za baridi kwa wakimbizi wa mjini. Kwa upande wetu wa Buyenzi kulikuwa na nafasi moja. Wakati ule nilikuwa natengeneza simu mezani kando ya barabara. Hela haikuwa nyingi, lakini watoto walikula. Jina langu likatoka.

Katika lupango letu aliishi mzee mmoja wa Fizi, mtu wa miaka hamsini na kitu, fundi wa umeme tangu zamani. Alikuwa ameandikishwa kwa mafunzo kama hayo mara mbili kabla. Mara ya kwanza atestasiyo yake ilipotea ofisini na jina halikusomwa. Mara ya pili faili lake lilikutwa limeandikwa kartie nyingine. Usiku ule akagonga mlango wangu. Alikaa, akanywa chai, akasema polepole:

“Mudogo wangu, weye ungali kijana. Mwaka kesho bado utakuwa na nguvu. Niachie hii nafasi.”

Nikamjibu: “Papa, kila mutu na bahati yake.”

Hakukasirika. Akamaliza chai, akashukuru, akatoka. Miezi michache baadaye kodi ya nyumba ilimshinda, akachukua familia akaenda kambini Kavumu, kule Cankuzo. Mimi nilimaliza mafunzo. Frigo ninazotengeneza leo, karakana hii ambayo vijana wanaketi mbele yake, vimetoka hapo.

Kwa muda mrefu nilijitetea hivi: nina watoto wanne, mtu hawezi kuombwa kutoa mkate wa watoto wake. Na bado naamini hivyo. Siamini kwamba mzee wa Fizi alikuwa na haki ya kunidai. Kama mtu anakuambia kila siku kwamba mkimbizi mwema ni yule anayempisha mwenzake, chunguza kama yeye mwenyewe amewahi kusimama foleni. Ni vibaya kwamba watu mia wapewe nafasi moja halafu waambiwe wapendane.

Lakini tusilegeze swali. Niyongabo alikuwa na milango miwili. Alifunga mmoja akaingia mwingine, ambao haukuwa na uhakika, lakini ulikuwepo. Nami, nikihesabu kwa haki, nilikuwa na meza ya simu. Mzee hakuwa na meza. Kwa hiyo hata mimi nilikuwa na mlango wa pili. Mdogo, wenye kutu, lakini mlango. Hesabu hiyo sikuipenda nilipoifanya.

Na kuna jambo baya zaidi. Lile neno nililomjibu. “Kila mtu na bahati yake.” Karatasi yake haikupotezwa na bahati, ilipotezwa na mtu mwenye jina na kiti. Nilichukua kosa la ofisi nikalivika kanzu ya Mungu, ili nisilazimike kulitazama. Ningeweza kumwambia, “Papa, umeonewa, na mimi naogopa kurudi mezani kwa simu.” Hilo lingekuwa kweli. Angetoka bila nafasi, lakini angetoka akiwa mtu aliyeonewa, si mtu asiye na bahati. Tofauti hiyo tunaijua sisi wote tuliokimbia.

Wala sikuuliza. Hilo ndilo linaniuma. Sikwenda hata siku moja kuuliza kama nafasi inaweza kuhamishwa, au kama kunaweza kupatikana kiti cha pili. Labda ningeambiwa hapana. Lakini niliogopa kuambiwa ndiyo.

Mwaka jana nilimpigia simu Kavumu. Nikamwambia kwamba bado nakumbuka usiku ule. Akacheka, “Hiyo mambo ungali nayo?” Tukaongea mengine, bei ya mihogo, magoti yake. Mwishoni akasema bila mimi kumuuliza: “Lakini wajua, hata kama ningeshindwa mafunzo yenyewe, nilitaka siku moja wasome jina langu.”

Ndipo nilipomwelewa Kwizera. Tunasema alitolewa raundi ya kwanza, kana kwamba zawadi iliharibika. Haikuharibika. Hakupewa ushindi, ushindi haupewi mtu. Alipewa mstari wa kuanzia. Aliitwa jina lake na jina la nchi yake, akainama, bastola ikalia. Baada ya hapo miguu ndiyo iliamua, na kushindwa kwa miguu si aibu. Kinachovunja mtu ni kushindwa kabla ya kuanza.

Kuna hadithi nyingine ya namna hiyo, na hii ni ya theluji. Philip Boit, Mkenya wa Eldoret aliyekuwa mkimbiaji, alifundishwa ski kwa miaka miwili tu, akaenda Olimpiki ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Katika kilomita 10 alimaliza wa 92, mtu wa mwisho, dakika kama ishirini nyuma ya mshindi. Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway, bingwa aliyeabudiwa kwao. Dæhlie hakwenda kuchukua medali. Alisimama kwenye baridi akimsubiri Boit, na Boit alipofika akamkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Ukitazama, bingwa yule hakupoteza kitu ila dakika ishirini. Lakini ni wangapi kati yetu, tukishafika, tunageuka kuangalia nani bado yuko njiani?

Kuna pia nafasi zinazochukuliwa bila mtu kuzitoa. Francine Niyonsaba, mtoto wa Ruyigi, aliiletea Burundi fedha ya mita 800 kule Rio mwaka 2016. Halafu kanuni mpya za homoni za mwili zikamfungia mbio hiyo. Hakuna aliyemuuliza kama anatoa. Akahamia mbio ndefu, na Septemba 2021 kule Zagreb akavunja rekodi ya dunia ya mita 2000. Namtaja ili mtu asichanganye mambo. Niyongabo alitoa, Niyonsaba alinyang'anywa. Wote wawili walipata mlango mwingine, lakini mlango wa pili hauhalalishi kufungiwa wa kwanza. Asiseme mtu, “Ona, wamefanikiwa,” ili asafishe mkono uliofunga. Sisi pia tumefungua karakana ugenini, na hilo halikuifanya vita iwe njema.

Februari 2025 watu wetu walipovuka Ruzizi kwa maelfu, nilipanda basi kwenda Rugombo, Cibitoke, kumtafuta shemeji yangu. Walikuwa wamewekwa uwanjani, uwanja wa mpira. Wamama wamelala kwenye nyasi na watoto wao, mvua inanyesha. Mtu mmoja alikuwa anasoma majina kwenye karatasi. Kila jina likisomwa, mtu anasimama haraka, hata kama hajui anaitiwa nini. Nikamkumbuka mzee wa Fizi. Shemeji yangu nilimpata siku ya pili.

Kwenye lupango letu sasa kuna binti aliyetoka na kundi lile. Alikuwa anafunza umeme kwenye shule moja ya ufundi kule Uvira. Mwezi uliopita niliitwa kwa mafunzo mengine, ya mashine kubwa za baridi, wiki sita, nafasi moja. Safari hii nilikwenda ofisini nikauliza kama ninaweza kumwachia huyo binti. Wakasema hapana, jina halibadilishwi. Nikauliza kama kuna orodha ya wanaosubiri. Karani akanitazama muda, akavuta karatasi, akaniuliza binti anaitwa nani. Nikamtajia herufi moja moja, nikamwomba anisomee tena alichoandika, nikahakikisha hata kartie imeandikwa sawa.

Sijui kama ataitwa. Mafunzo nitayaanza mimi, na sioni haya. Niyongabo aliweza kutoa, mimi safari hii sikuruhusiwa, na safari ile sikutaka. Lakini nimejifunza kwamba kati ya kutoa na kukataa kuna kazi nyingine nyingi, na ya kwanza ni kuuliza. Vijana wa mbele ya karakana nimewaeleza Kwizera ni nani. Mmoja ameniuliza, “Sasa yeye alishinda nini?” Nimemwambia arudi kesho, tutabishana.